Mvua Haitaji Jina la Mtu: Mauaji ya Vikongwe Usukumani



Kuna makala ambayo wanafunzi wangu huniletea kila mwaka wakiamini kwamba imefunga mjadala. Ni ya mchumi Edward Miguel, ya mwaka 2005, kuhusu vijiji 67 vya wilaya ya Meatu. Aliweka takwimu za mvua kando ya takwimu za vifo, akaona kwamba mwaka wa ukame au mafuriko mauaji ya wanaoitwa wachawi huongezeka maradufu, ilhali mauaji mengine hayapandi. Waliouawa karibu wote ni wanawake wazee. Akahitimisha kwamba chakula kikipungua, kaya humwondoa mlaji asiyezalisha.

Hesabu zake sizipingi. Napinga huyo “mlaji asiyezalisha”. Aliyelelewa katika kaya ya Kisukuma anajua nani hutunza mbegu za mtama, nani hulea wajukuu mama zao wakiwa kwenye pamba, nani hujua mizizi ya kuchimba mwaka wa njaa. Bibi yangu mzaa baba alifanya yote hayo. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa sababu miti ilikuwa imekwisha na alipika miaka yote kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng’ombe kikavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Macho hayohayo ndiyo yaliyokuja kuwa ushahidi dhidi yake, kwamba ni mchawi. Kumwua mtu kama yule mwaka wa njaa ni kujiongezea njaa.

Tena, wengi wa wauaji hawa walikuwa wakata mapanga wa kukodiwa. Kaya inayoshindwa kumlisha bibi kizee inapataje cha kumlipa mtu amchinje? Swali hili nimewauliza wachumi kadhaa, na hunirudisha kwenye jedwali la mvua.

Twende kwenye idadi. Kamati ya serikali ilihesabu waliouawa kwa tuhuma za uchawi nchini kati ya 1970 na 1984: watu 3,693, wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Mtafiti Simeon Mesaki amezichambua takwimu hizi kuliko yeyote, nami simrudii. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokea Mwanza na Shinyanga, yaani Usukumani. Lakini Ugogo, mkoani Dodoma, ndiko njaa ilikopewa majina, njaa ya Mtunya ya baada ya 1917 ikiwa mojawapo. Kama ukame ungekuwa sababu inayojitosheleza, Dodoma ingeongoza orodha.

Hoja ya hali ya hewa ina ushahidi wake mzuri zaidi Ujerumani, na haki ni kuutaja. Mei 1626 baridi kali iliua mizabibu na nafaka, na miaka iliyofuata Bamberg ilichoma watu kwa mamia. Lakini Nürnberg haifiki kilomita 70 kutoka hapo, na baraza la mji ule halikuwasha moto kama ule. Waliotoroka Bamberg walikimbilia huko. Baridi ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa masikio yaliyopokea mashtaka.

Hapo ndipo ninapomleta mtu ambaye nimeishi naye kwa miaka mingi: Alonso de Salazar Frías, hakimu wa Baraza la Kidini la Uhispania, mjini Logroño. Mwaka 1610 wenzake walichoma watu sita wakiwa hai, pamoja na sanamu za watano waliokwisha kufa, naye akiwa mdogo wao kazini. Mwaka 1611 alitumwa kuzunguka vijiji vya Wabaski akiwa na msamaha kwa watakaokiri. Walikiri 1,802, na 1,384 kati yao walikuwa watoto. Hakimu mwingine angeona idadi hiyo na kuandaa kuni. Salazar alianza kuuliza. Alihoji kila mmoja peke yake, akalinganisha majibu. Walipotaja mahali pa mkutano wa usiku, makarani wake walikwenda usiku huohuo, hawakuona mtu. Akaletewa vyungu 22 vya dawa za kichawi. Vikapimwa, vikaonekana vimetengenezwa ili kumridhisha aliyeuliza. Zaidi ya 80 waliokwisha kukiri walirudi kufuta maneno yao. Akawaandikia wakubwa wake kwamba vijiji vile havikuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kusema na kuandika juu yao. Mwaka 1614 wakubwa wakamkubalia.

Sioni mvua popote katika taarifa ile. Naona mahubiri, na msako wa mwaka 1609 ng’ambo ya mpaka wa Ufaransa. Zaidi ya yote naona swali ambalo sisi wa historia ya Tanzania tumelikwepa: nani alitaja jina kwanza, na alimwambia nani?

Tulirudishe swali hilo Usukumani. Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vipya, mnaijua. Kabla yake utemi, yaani utawala wa jadi, ulifutwa mwaka 1963. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Mwaka 1976 dola ilikamata washukiwa wa mauaji haya, baadhi wakafia mahabusu, na Mzee Mwinyi, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Nakubali, baada ya kupima yote, kwamba mvua mbaya huweza kuchagua mwaka. Imani yangu inabaki palepale: jina huchaguliwa na yule anayesikiliza, na miaka ile tulibadilisha wasikilizaji wote kwa mkupuo.

Nilimwuliza baba kabla hajafariki. Alisema bibi alitajwa mara mbili, na mtu yuleyule, shemeji yake. Mara ya kwanza ilikuwa 1967, ng’ombe wake walipokufa. Wazee, banamhala, waliketi chini ya mti wakamtaka aseme mbele ya bibi, macho kwa macho. Aliposhindwa walimtoza mbuzi, akaliwa palepale, na bibi akapewa paja. Mara ya pili ilikuwa 1975, katika kijiji kipya. Banamhala walikuwa wametawanywa katika vijiji vitatu. Mwenyekiti alitoka kwingine, hakumjua yeyote. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwa mganga wa mbali, kifaranga kikapasuliwa, jina likatoka. Baba alimpakia mama yake kwenye baiskeli usiku ule, hadi Shinyanga mjini. Mbegu za mtama alizisahau darini.