Sikio la Mwalimu: Mada Juu ya Matayarisho ya Mwalimu wa Muziki Mashuleni



Nimepewa taklifu ya kusema juu ya matayarisho ya mwalimu wa muziki, na kwa kuwa muda ni mfupi na bahari hii ni pana, nitashika jambo moja tu, nalo ni sikio. Kwani aghalabu twamfundisha mwalimu namna ya kuiandika sauti na kuitamka, na twasahau kumfundisha namna ya kuisikia sauti ya mtoto isiyokuwemo kitabuni mwake.

Ngazi ya do, re, mi, kwa namna tunavyoitumia vyuoni, imetujia kutoka Uingereza, ambako katika karne ya 19 Bibi Sarah Glover wa Norwich aliwatungia watoto njia ya kuimba pasipo kuhangaishwa na nota, kisha kasisi John Curwen akaitengeneza, akaieneza na kuitilia ishara za mkono, hata wamisionari wakaifikisha kwetu. Ni chombo chema, maana mwalimu asiye na kinanda wala umeme, mbele ya watoto sitini, aweza kuwaongoza kwa mkono mtupu: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi. Walakini nyimbo za pwani zina vidato ambavyo ngazi hiyo haikuviweka.

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika skuli moja ya Unguja, nilimkatiza binti wa darasa la tano mara tatu, kwa kuwa kila alipofika kidato cha tatu sauti yake ilikaa chini kidogo ya mi yangu. Nikampigia mi hiyo kinandani, naye akanitazama kwa staha, akaimba vilevile. Jioni nilimsimulia mzee mmoja mpiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu. Hakunijibu, aliteremsha kijichuma kimoja kilicho chini ya nyuzi, akapiga, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule binti. “Hiyo ni sika, mwanangu,” akasema, “kidato cha tatu cha ngazi ya rasti. Kinandani kwako imekaa baina ya kibao cheusi na cheupe, utaipata wapi?” Mtoto aliichukua kwenye kaswida, ilhali mimi mwenye kusomea ualimu ndiye niliyekuwa kiziwi.

Zoltán Kodály wa Hungaria alizitumia ishara zizo hizo za Curwen, ila kwanza alizunguka vijijini, kama mwenzake Béla Bartók, akikusanya nyimbo za wakulima, na juu ya nyimbo hizo ndipo akaisimamisha elimu ya watoto. Sisi tumepokea ngazi, tukasahau ukuta wa kuiegemeza.

Kwa hiyo rai zangu ni mbili. Kwanza, kila mwanachuo akae muhula mzima chini ya fundi wa ngoma au wa taarabu, kwani hapa Unguja kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002, wala mafundi hawajatuadimikia. Pili, kabla hajaruhusiwa kufundisha wimbo, ajifunze wimbo mmoja kwa mtoto wa darasa lake, auimbe mbele ya darasa hilo, na alama za mtihani huo azitoe mtoto.