Ukungu Ukutani: Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Msikilizaji, masika yakiingia pwani, kati ya Machi na Mei, kuna harufu ambayo mama mwenye nyumba wa Tanga, Mombasa au Unguja huitambua kabla hajawasha taa: uvundo. Akifungua kabati, kanzu iliyotundikwa tangu harusi ya Desemba ina madoadoa meusi kolani, na viatu vya ngozi vimeota manyoya meupe. Akilisogeza kabati lenyewe, ukuta wa nyuma umechafuka kama uliopakwa masizi.

Huo ni ukungu, wengine huuita fangasi. Mbegu zake ni ndogo mno, huelea hewani katika kila nyumba, na hakuna awezaye kuzimaliza. Zinachongoja ni unyevu tu. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu hauwahi kuota. Kwa hiyo kupaka rangi juu ya doa ni kutupa pesa. Doa litarudi, maana bati lililotoboka, mfereji uliojaa majani au paipu inayovuja bado vipo palepale.

Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe, Zanzibar, walijenga kwa mawe ya matumbawe wakasiriba kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta ukilowa, hukauka. Ukuta huohuo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na baada ya muda plasta huanza kubanduka. Anayekarabati nyumba ya aina hiyo amtafute fundi anayeijua chokaa.

Katika nyumba ya tofali, kabati likae shubiri moja kutoka ukutani, sufuria ifunikwe, madirisha yanayoelekeana yafunguliwe mvua ikikatika, na nguo mbichi zisianikwe chumbani.

Doa dogo husuguliwa kwa maji na sabuni, kisha pakakaushwa kabisa. Vaa glavu na barakoa. Anayetumia jiki asiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa majumbani na pumu, kikohozi na kubanwa kifua. Leo kabla ya kulala, msikilizaji, sogeza kabati la chumba cha watoto, uumulike ukuta wa nyuma yake.