Motokaa Yenye Mafundi Wawili

Ninyi mkaao Kigongo mmeyaona magari mengi. Kabla daraja halijafunguliwa mwezi wa Juni 2025, kila gari lililotaka kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Busisi lilingoja pantoni, na mwenye macho alipata nafasi ya kulitazama toka taa za mbele hata za nyuma. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kuzitambua motokaa za fahari zilizoundwa Uingereza mara baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945.

Watu wengi hutazama puani tu. Wakiona vipau vya chuma vimesimama kama nguzo za hekalu, na juu yake sanamu ndogo ya mwanamke aliyeinama mbele, husema, "Rolls-Royce," wakadhani wamemaliza. Wamejua nusu. Jina la puani ni la yule aliyeunda injini na chesisi, yaani uti wa chuma uchukuao gari zima. Silver Wraith, iliyotoka mwaka 1946, iliuzwa bila bodi. Mnunuzi aliagiza bodi kwa fundi amtakaye: Hooper, H.J. Mulliner, Park Ward, James Young au mwingine. Kwa hiyo motokaa mbili za jina moja na mwaka mmoja zaweza kuwa na sura mbalimbali kabisa.

Jambo hili si geni kwetu. Mabasi na malori mengi yaliletwa Afrika Mashariki yakiwa chesisi tupu, mafundi wa huku wakayavika bodi. Tena fundi yule wa London alifanya kazi kama muunda mashua: alisimamisha mataruma ya mti, aghalabu mti mgumu uitwao ash, ila badala ya mbao aliyafunika kwa mabati ya alumini yaliyokunjwa kwa mkono.

Basi fungueni mlango. Penye kizingiti mara nyingi pana kibao kidogo chenye jina la muunda bodi. Kisha wekeni sumaku juu ya paa. Bentley Mark VI ya mwaka 1946 ndiyo iliyoanza kuuzwa na kampuni ikiwa na bodi kamili ya chuma; hapo sumaku itashika. Isiposhika, yamkini mmekuta kazi ya mkono. Msiipime mlangoni: Silver Cloud ya mwaka 1955 ilitoka kiwandani na milango ya alumini, nayo imewadanganya wengi.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, imo Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya Kiingereza, kisha na Mwalimu Nyerere. Mwanafunzi atakayefika huko na amwombe msimamizi amwonyeshe kizingiti chake.

Hatari ya magari haya ni fundi mwenye haraka. Hung'oa kibao ili apake rangi, kisha hukipoteza. Na Hooper waliacha kuunda bodi mwaka 1959. Au mlango ukilegea hubadili bawaba, kumbe mti wa ndani umeoza. Afadhali ainue mlango polepole, agonge nguzo yake kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama afanyavyo muunda mitumbwi wa ziwani anapoushuku ubao uliofichwa na rangi.