MGENI KAZINI ANA HAKI GANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Riruta)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo watu wanabishana sana hapa Riruta, Kawangware na Kabiria. Watu wanauliza: hawa ndugu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, tunaobeba nao mizigo na kuchimba nao mitaro, wana haki gani? Wengine hujibu upesi kwamba hawana haki yo yote, maana hapa si kwao. Sisi watu wa Relwe twaona jambo hili litazamwe kwa sheria na kwa utu, si kwa hasira.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Reli inayotoka Mombasa, ikapita Nairobi, Kibera na Dagoretti kwenda bara, ilianza kujengwa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Waliotandika vyuma wengi walikuwa wageni. Watu zaidi ya 31,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Baadaye akaja mgeni mwingine, Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, aliyefika Kenya mwaka wa 1927 akiwa kijana. Mwaka wa 1935 akawa katibu wa chama cha wafanya kazi, na chama hicho kikafungua mlango kwa watu wa rangi zote. Kwa ajili ya kazi hiyo Serikali ya kikoloni ilimzuia toka 1950 mpaka 1961. Kama wazee wetu wangalimwambia, "Haya si mambo yako, rudi kwenu," vyama vyetu vingalikuwa na nguvu gani?

Tena sisi wenyewe tulifanywa kama wageni katika nchi yetu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuchukua kipande, kikiwa katika kibweta cha chuma, kimening'inizwa shingoni. Humo mwajiri aliandika kazi yake na mshahara wake. Aliyeondoka kabla ya kutiwa sahihi alitafutwa kama mhalifu. Ndivyo mishahara ilivyokaa chini, maana mtu asiyeweza kuondoka hawezi kubishana bei ya jasho lake.

Hata baada ya Uhuru tuliuonja ugeni. Mwaka wa 1970 Serikali ya Obote katika Uganda iliwafukuza wafanya kazi wasio raia, na Wakenya wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Relwe moja ikakatwa vipande. Kule Tanzania, wazee waliofanyia kazi Jumuiya hiyo walikuwa bado wanadai malipo yao katika miaka ya 2000. Ndugu, wale hawakukosa kazini. Mipaka iligeuka, na jasho lao likapotelea katikati.

Sasa tuje kwenye sheria. Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani mlango na mshahara.

Mlango ni wa Serikali. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 39, inampa raia haki ya kuingia na kukaa po pote katika Kenya. Haimpi kila mgeni haki hiyo. Serikali yaweza kuuliza karatasi, nasi hatusemi mipaka iachwe wazi. Ila mkimbizi ana ulinzi wake. Mkataba wa Geneva wa mwaka wa 1951 wakataza kumrudisha mtu kwenye hatari aliyoikimbia. Serikali ilipoamuru mwishoni mwa 2012 kwamba wakimbizi wa mijini wapelekwe kambini, Mahakama Kuu iliifuta amri hiyo Julai 2013.

Lakini mshahara ni wa aliyetoa jasho. Kifungu cha 41 cha Katiba ile ile hakisemi "kila raia." Chasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki kazini, na kila mfanya kazi ana haki ya ujira wa haki na ya kuingia katika chama. Na Mkataba nambari 143 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka wa 1975, ambao Kenya iliukubali mwaka wa 1979, wasema hata mtu ambaye karatasi zake hazikutimia alipwe sawa na wengine kwa kazi aliyokwisha kuifanya.

Wenzetu watasema, "Lakini wageni hawa wanakubali malipo madogo, wanatunyang'anya kazi." Neno hili si la kudharau. Mwenye watoto na kodi ya nyumba hawezi kucheka anapoachwa nje ya lango. Lakini tuulize, kwa nini mgeni akubali nusu? Si kwa sababu anapenda nusu. Ni kwa sababu mkubwa wa kandarasi anajua kwamba mtu huyo hathubutu kwenda ofisi ya kazi. Siku ya malipo ikifika, atatishiwa polisi, naye atakimbia bila senti. Basi anayetunyang'anya kazi ni hofu ile, na anayekula faida yake ni mwajiri. Tukimfukuza mgeni mmoja, ataletwa mwingine mwenye hofu zaidi. Tukimwondolea hofu, bei ya kazi itapanda, yake na yetu.

Tena tukumbuke dada zetu waliokwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Chini ya utaratibu wa kafala walifungwa kwa mwajiri mmoja, na wengi walinyang'anywa pasipoti zao. Mwaka wa 2021 nchi ile ililegeza sheria kwa wafanya kazi wengine, lakini wa nyumbani wakaachwa nje. Twalia kwa ajili yao, na ni haki kulia. Lakini tutadai vipi Riyadh kile tunachomnyima jirani yetu wa Riruta?

Kwa hiyo twaleta mambo matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, mwanachama asikubali kutumiwa kumtisha mgeni juu ya karatasi ili asilipwe. Pili, mgeni akidhulumiwa ujira, tumwandikie siku alizofanya kazi, jina la mwajiri na mapatano yao, kisha mmoja wetu afuatane naye hadi ofisi ya kazi. Tatu, chama kiwapokee wageni kama wanachama, walipe ada kama sisi, wapige kura kama sisi.

Mwajiri huhesabu mikono, haulizi kabila lake. Nasi tuihesabu yote upande wetu.

Umoja ni nguvu.