Mfereji wa Keg Ukivuja

Tangu bia ya Senator Keg ianze kuuzwa nchini Kenya mwaka 2004, mfereji wa bia umezoeleka hadi baa za sokoni. Ukidondoka, usikimbilie spana. Wengi huukaza mpaka nyuzi zikafa. Funga gesi, toa presha, ndipo uufungue. Mara nyingi utakuta bia iliyokauka imeganda kwenye mpira wa ndani. Loweka kwa maji ya vuguvugu, sugua kwa brashi laini. Mpira uliopasuka haurekebishwi, nunua mwingine. Ukivuja kwa nyuma, penye nati, hapo sasa spana ina kazi. Na chumba chenye mtungi wa gesi kipitishe hewa: gesi hiyo, kabonidioksidi, haina harufu, na hutanda chini sakafuni.