Kwaresima ya Jirani Yetu Mlutheri

(Mazungumzo na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa kutoka Migori na Homa Bay, juma moja kabla ya Jumatano ya Majivu)

  

Nimeombwa niseme machache juu ya Kwaresima. Wengi wenu mlitazamia nifungue kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima cha maaskofu wetu, kile tunachojadili kila juma katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Hicho mtakisoma huko kwenu. Leo nataka tuongee juu ya Kwaresima ya Walutheri. Najua mnajiuliza, huyu Mkatoliki ameanza lini kufundisha mambo ya Walutheri? Ngojeni kidogo.

Mwaka jana kikundi kimoja ninachokitembelea kilikutana Jumatano ya Majivu yenyewe. Wengi walikuja na majivu kwenye paji la uso. Mama mmoja, Mlutheri, akatoa chupa yake ya uji akanywa. Mwenzake akasema kwa sauti, "Kwani nyinyi hamna Kwaresima? Hata leo mnakunywa uji?" Watu wakacheka. Mimi pia nilitabasamu, na jambo hilo ninalijutia mpaka leo. Yule mama akafunika chupa yake akairudisha kwenye kikapu.

Majuma matatu baadaye nilimkuta kwake amekonda. Alikuwa ameamua kufunga kila siku, tangu asubuhi hadi jioni, ili asichekwe tena. Dawa zilikuwa zinamchafua tumbo likiwa tupu, akitapika, mwisho akaziacha kabisa. Dawa gani, mnajua wenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima walikuwa na virusi vya UKIMWI, na Migori asilimia 13. Hebu hesabuni, katika kikundi cha watu ishirini ni wangapi. Sasa yule mama angejiteteaje? Aseme, "Nakunywa uji kwa sababu nameza dawa"? Mbele ya kikundi kizima? Tulimnyima nafasi. Ilikuwa ama atoe siri yake, ama aache uji.

Tulirudi naye kliniki, akapokelewa vizuri, akaanza dawa tena. Lakini mimi nilibaki na aibu yangu. Ndipo nikaenda kwa mwinjilisti wao, nikamwuliza, "Kwenu Kwaresima ikoje?" Mengi ninayowaambia nimeyapata kwake, mengine nimejisomea.

Jambo la kwanza: Kwaresima wanayo. Ni siku zile zile arobaini, kuanzia Jumatano ya Majivu, bila kuhesabu Jumapili. Ukiziweka na Jumapili zinafika 46, lakini Jumapili ni siku ya ufufuko hata katikati ya Kwaresima, kwao kama kwetu. Rangi ni zambarau ile ile. Aleluya haiimbwi mpaka Pasaka. Walutheri wa upande huu wetu walitokana na wamisionari wa Uswidi walioanza kazi Itierio, kule Kisii, mwaka 1948. Ni wachache, ndiyo maana hatujui mambo yao. Waadventista, ambao wako Gendia tangu 1906, hawaadhimishi Kwaresima kabisa, na sijasikia mtu akiwacheka. Labda ni kwa sababu wao ni wengi!

Tofauti iko kwenye sheria. Sisi Wakatoliki tunayo: kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa mwenye miaka 18 mpaka anapotimiza 59, na kuacha nyama kwa mwenye miaka 14 na kuendelea. Mgonjwa amesamehewa. Sikilizeni hapo vizuri. Hata kama yule mama angekuwa Mkatoliki, uji wake haukuwa dhambi. Tulimcheka kwa sheria ambayo hata sisi wenyewe hatukuijua.

Kwa Walutheri hakuna amri ya namna hiyo, na sababu yake inatoka mbali. Zamani huko Ulaya hata siagi na maziwa vilikatazwa wakati wa Kwaresima. Watu wa kusini hawakuona taabu, wao wana mafuta ya mizeituni. Lakini mtu wa kaskazini, Ujerumani kwa mfano, alikuwa na ng'ombe wake tu. Basi akaruhusiwa kula siagi, mradi alipe. Katika mji wa Rouen, Ufaransa, kanisa kuu lina mnara ambao mpaka leo unaitwa Mnara wa Siagi, kwa sababu ya hizo fedha. Mwenye fedha alikula, maskini alifunga. Martin Luther alilalamikia jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1520. Mimi ni Mkatoliki na nakaa Kanisani mwangu, lakini kwa hilo siwezi kumpinga.

Hata hapa ziwani tunayo ya namna hiyo. Tunaacha nyama siku ya Ijumaa, samaki tunaruhusiwa. Haya, mtu wa Mbita au wa Kendu Bay akiacha nyama akala ngege mzima na kuon, amejinyima nini? Nyama yenyewe anaiona kwenye matanga tu! (Kicheko.) Na mama wa Nyatike ambaye ghala yake imekwisha, mvua ya Machi ndiyo kwanza anaingojea apande, huyo tunamwambia apunguze nini? Yeye alianza kufunga Januari.

Lakini msije mkadhani Luther aliitupa Kwaresima. Alipokuwa mafichoni, watu wa mji wake wa Wittenberg walianza kuvunja desturi zote kwa fujo, nyama ikaliwa kwa kujionyesha. Akarudi, na tangu Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 9 Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Kwa ufupi aliwaambia hivi: kama hakuna anayeweza kukulazimisha kufunga, wewe pia usimlazimishe mwingine kula. Mwangalie ndugu yako aliye dhaifu kwanza. Na katika katekisimu yake ndogo ya mwaka 1529 alifundisha kwamba kufunga ni mazoezi mazuri ya mwili, ila anayeandaliwa kweli ni yule anayeamini kwamba Kristo alijitoa kwa ajili yake.

Basi wao mkazo wanauweka wapi? Kwenye kusikiliza. Ni desturi ya Walutheri kuwa na ibada katikati ya juma wakati wa Kwaresima, na pale habari ya mateso inasomwa kidogo kidogo: Getsemane juma moja, Petro na jogoo juma lingine, Pilato, mpaka Golgotha. Mwinjilisti aliniambia anayesikia polepole hivyo anafika Pasaka kama mtu aliyekaa na mgonjwa usiku wote, si kama aliyeletewa habari asubuhi. Nilimwelewa sana. Sisi tunaohudumia wagonjwa tunajua tofauti hiyo. Njia ya Msalaba yetu ya Ijumaa ina kazi hiyo hiyo, lakini semeni kweli, mara ngapi tunaikimbiza ili tuwahi soko?

Kile kikundi nilirudi kwao, nikaomba radhi kwanza mimi mwenyewe, bila kutaja mtu wala ugonjwa wowote. Tukakubaliana mambo, na nawaletea muone kama yatawafaa. Wakati wote wa Kwaresima uji unapikwa kwenye mkutano, sufuria moja, mwenye kunywa anywe na asiyekunywa asinywe, na hakuna kuulizana. Tukimaliza hesabu za mikopo tunasoma kipande cha mateso, mmoja anasoma Kiswahili, mwingine Dholuo, kisha tunanyamaza kidogo. Mchungaji na Padre wote wameridhia.

Halafu kuna kopo. Anayejinyima sukari ya juma, au soda, au vocha ya simu, anatia humo bei yake. Asiyeweza hatii, na daftari hatuandiki. Fedha hizo ni za nauli ya kliniki. Mwanachama anamwendea mweka hazina faraghani, anasema tu "nauli", anapewa. Haulizwi ni kliniki gani wala ya nani.

Kitakachobaki kitahesabiwa Jumamosi Kuu. Mwaka jana hakikubaki kitu.

Na anayemeza dawa za aina yoyote, tafadhali, kabla ya kufunga ongea na mhudumu wa kliniki. Usiniulize mimi, wala usiulize jirani. Haya, kuna mama kule nyuma ameinua mkono muda mrefu. Karibu, mama.