Waraka wa Desemba 30

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2020 ilikuwa haijaisha vizuri Uingereza pale madaktari wa familia walipopokea waraka kutoka NHS, huduma ya afya ya taifa. Tarehe ilikuwa Desemba 30. Waraka ulibeba habari mbili. Ya kwanza ya kufurahisha: chanjo ya Oxford na AstraZeneca imepata kibali. Ya pili iliharibu mapumziko ya mwaka mpya. Wazee waliokwisha kuchomwa dozi ya kwanza ya Pfizer, ambao tayari walikuwa na miadi ya kurudi baada ya wiki 3, wapigiwe simu waambiwe wasije kwanza. Dozi yao ya pili isogezwe mpaka kwenye wiki ya 12.

Miongozo ya chanjo ya korona imebadilika mara nyingi tangu siku ile, na kubadilika si kosa. Virusi navyo vilikuwa vikibadilika. Kinachostahili kuulizwa ni jambo jingine: mwongozo ukigeuka, nani anamweleza mgonjwa, na amepewa maneno gani ya kumweleza?

Kwa msikilizaji aliyezoea kuingia zahanati yoyote iliyo karibu, yafaa tueleze kidogo. Uingereza kila mkazi huandikishwa kwenye kliniki ya mtaani kwake, na kumwona daktari hapo ni bure. Daktari huyo ndiye mlango wa karibu kila huduma, kuanzia dawa za presha hadi barua ya kwenda kwa bingwa hospitalini. Kliniki ndiyo inayojua bibi yupi anaishi peke yake ghorofa ya nne na babu yupi hasikii simu ikilia. Ndiyo maana, ingawa sindano ya kwanza ilichomwa hospitalini Coventry, Desemba 8, kwa Margaret Keenan aliyekuwa na umri wa miaka 90, wiki moja tu baadaye madaktari wa familia wa England nao walikuwa wameanza kuchanja.

Chanjo yenyewe ilideka kama bi harusi. Sanduku moja la Pfizer lilikuwa na chupa 195, kila chupa dozi 5, jumla dozi 975. Lilihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Dawa ikishayeyuka hairudishwi kwenye barafu, na hadi inafika kliniki ilikuwa imebakiza kama siku tatu na nusu. Kila chupa ichanganywe na mililita 1.8 za maji ya chumvi, ipinduliwe taratibu bila kutikiswa, kisha iishe ndani ya saa 6. Siku ya kwanza kabisa wahudumu wawili wa afya wenye historia ya mzio mkali walipata shida baada ya sindano, likaongezwa sharti jingine: kila aliyechanjwa akae dakika 15 akiangaliwa. Sasa msikilizaji apige hesabu. Watu 975, wengi wao wa miaka 80 na zaidi, katikati ya baridi ya Desemba, wakae mbalimbali, ndani ya kliniki yenye korido nyembamba.

Haikuwezekana, kwa hiyo kliniki nyingi zikahamia kwenye kumbi. Mjini Salisbury wazee walichanjwa ndani ya kanisa kuu lenye umri wa zaidi ya miaka 750, kinanda kikipigwa kuwatuliza wanaosubiri dakika zao 15. Birmingham, msikiti wa Al-Abbas ulifunguliwa kuwa kituo cha chanjo mnamo Januari 2021, na imamu wake, Sheikh Nuru Mohammed, akaitumia nafasi hiyo kukanusha uvumi uliokuwa ukizagaa miongoni mwa waumini. Na ndani ya zile chupa kulikuwa na neema ambayo haikuandikwa kwenye kibandiko: kwa sindano zisizobakiza dawa, ilitoka dozi ya sita. Mwongozo ukabadilishwa, na sanduku la watu 975 likawa la watu 1,170. Badiliko hilo halikuhitaji kumpigia mzee yeyote simu.

Lile la Desemba 30 lilihitaji maelfu ya simu.

Tuanze na hoja ya wakubwa, maana haikuwa dhaifu. Aina mpya ya virusi, ile iliyokuja kuitwa Alpha, ilikuwa ikienea kwa kasi kusini mwa England, na chanjo ilikuwa haba. Waganga wakuu wanne, wa England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, waliwaandikia madaktari siku iliyofuata wakitoa hesabu yao. Kwa kila watu 1,000 watakaopewa dozi ya pili Januari, ambao kinga yao itaongezeka kidogo tu, kuna watu wengine 1,000 watakaobaki bila kinga yoyote, ilhali dozi moja ingewatoa kwenye sifuri na kuwafikisha asilimia 70 au zaidi. Kwa nchi ambayo wodi zake zilikuwa zikijaa, hesabu hiyo ilikuwa na uzito.

Wapinzani nao hawakuwa watu wa kubeza. Pfizer ilisema haina takwimu za kuonyesha kwamba kinga ya dozi moja hudumu kupita siku 21. Mapema Januari, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri wiki 3 hadi 4, na panapo dharura isizidi wiki 6. Chama cha madaktari cha Uingereza, BMA, kikasema kuwafutia wazee miadi waliyokwisha kuahidiwa si haki, na kwamba kitasimama na kliniki zitakazoamua kuiheshimu. Kisha chama hicho kikatoa hesabu ambayo haikuwamo kwenye barua ya wale waganga wakuu: kuwasiliana na wagonjwa 2,000 tu kungewachukua wafanyakazi 5 wa kliniki karibu wiki nzima.

Mfanyakazi anayepiga simu hizo, mara nyingi, si daktari. Ni karani wa mapokezi. Upande wa pili wa simu kuna mtu wa miaka 84 ambaye huenda hajatoka nyumbani tangu Machi. Mwanawe ameshaomba ruhusa kazini ili ampeleke. Teksi imeshaagizwa. Wiki tatu tu nyuma aliambiwa, na kliniki hiyo hiyo, kwamba bila dozi ya pili kinga haijakamilika. Leo anaambiwa asije. Anauliza sababu, na karani ana waraka uliojaa maelezo ya kitaalamu ambao hakupata hata siku moja ya kuusoma na kuulewa. Anachoweza kumwambia ni kwamba yametoka juu.

Miezi michache baadaye sayansi ilitoa jibu lake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walipima damu za watu wenye umri wa miaka 80 na zaidi na kukuta kwamba waliosubiri wiki 11 hadi 12 kabla ya dozi ya pili ya Pfizer walikuwa na kingamwili mara tatu na nusu ya zile za waliorudi baada ya wiki 3. Na kufikia Februari 14, 2021, watu milioni 15 walikuwa wamepata angalau dozi moja, siku moja kabla ya tarehe ambayo serikali ilijiwekea. Kwa hiyo waliosogeza dozi ya pili walishinda hoja yao. Wakiulizwa, huenda watasema hilo linatosha. Halitoshi, kwa sababu lalamiko la kliniki halikuwa juu ya kingamwili peke yake. Lilihusu muda wa siku chache na aya moja ya maneno mepesi ya kumsomea mgonjwa, na vyote viwili vilikuwa ndani ya uwezo wa ofisi iliyotuma waraka.

Ushahidi kwamba viliwezekana ulikuja Aprili 7, 2021. Siku hiyo wasimamizi wa dawa walitangaza kwamba kuna uhusiano unaowezekana kati ya AstraZeneca na ugonjwa adimu wa damu kuganda huku chembe sahani zikipungua, na kamati ya chanjo ikashauri walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine inapopatikana. Habari ya kutisha kuliko ile ya Desemba. Lakini safari hii Jonathan Van-Tam, naibu mganga mkuu wa England, alisimama mbele ya kamera akiwa na michoro ya kituo cha Winton cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Pale maambukizi yanapokuwa machache, mchoro ulionyesha, kwa kila vijana 100,000 wa miaka 20 hadi 29, chanjo ingewaepusha 0.8 na chumba cha wagonjwa mahututi, huku madhara makubwa yakikadiriwa kuwapata 1.1. Kwa wenye miaka 60 hadi 69 ilikuwa 14.1 kwa 0.2. Mtu yeyote aliyefika sokoni anaweza kusoma mizani hiyo. Madaktari nao wakapewa dalili za kuangalia, kama maumivu ya kichwa yanayodumu zaidi ya siku 4 baada ya chanjo. Mwezi mmoja baadaye umri ukapandishwa hadi miaka 40.

Wiki moja baada ya hapo, Mei 14, zile wiki 12 nazo zikarudishwa kuwa 8 kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi na wenye maradhi, kwa sababu ya Delta, aina nyingine mpya ya virusi. Simu zikaanza upya.

Mijadala ya Ulaya haikuishia Ulaya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca Machi 2, 2021, ikasitisha kuzigawa baada ya nchi kadhaa za Ulaya kusimamisha chanjo hiyo, ikaanza kuchanja Aprili 19 ikiwa imebaki na muda mfupi kabla dozi hazijaisha muda wake, na mwisho takriban milioni 1.3 zikarudishwa ili zipelekwe nchi nyingine. Kenya nayo ilisogeza dozi ya pili ya AstraZeneca kutoka wiki 8 hadi 12, ila kwa sababu tofauti: India ilikuwa imefunga mauzo ya chanjo nje na ghala lilikuwa linakauka. Tanzania, iliyozindua chanjo Julai 28, 2021 kwa Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa hadharani, ilianza na chanjo ya Janssen ya dozi moja, na kwa bahati hiyo ikaepuka mzozo wote wa wiki ngapi.

Uingereza yenyewe ilijifunza nini? Agosti 2023 kliniki zilizokuwa zimepanga kuanza chanjo za vuli Septemba ziliambiwa zisubiri Oktoba. Zikapanga upya. Agosti 30 ukaja uamuzi mwingine: kuna aina ya virusi iitwayo BA.2.86, anzeni Septemba 11. Siku 12 tu. Malipo ya kliniki kwa kila sindano, wakati huo huo, yalikuwa yameshushwa kutoka pauni 10.06 hadi 7.54.

Kisha likaja suala la umri. Vuli ya 2024 waliostahili chanjo ya bure walianzia miaka 65. Vuli ya 2025 wakaanzia 75, pamoja na wakazi wa nyumba za kutunzia wazee na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Hapo hapakuwa na dharura ya kusingizia, kwani ushauri wa kamati ya chanjo ulichapishwa Novemba 2024, miezi mingi kabla ya sindano ya kwanza. Hata hivyo, msimu ulipoanza, wafamasia waliripoti kwamba walikuwa wakiwarudisha nyumbani watu wa miaka 65 hadi 74, waliofika wakiamini bado wamo kwenye orodha.